Keria Yangu na Mbuzi wa Tatu

Jumatatu, Septemba 1

Leo nimedharauliwa hadharani. Nilikuwa natoka Voi kwenda kazini Mwatate. Pikipiki mpya, koti jipya, helmeti inang'aa. Pale Ikanga mama mmoja akaninyooshea mkono. Nikapunguza mwendo nikidhani ni mtu wa kanisani anataka kunisalimu. Akapanda! Akafunga gunia lake la kabeji kwenye keria na kuniambia nimshushe sokoni, tena nisimkimbize. Nikamweleza kwamba mimi si bodaboda, mimi ni karani wa duka la dawa za mifugo. Akasema hakuna neno, hata karani anaweza kumbeba mtu. Alinilipa. Nilichukua.

Najua tatizo ni keria, kile chuma cha kubebea mizigo nyuma ya kiti. Mtu akiona keria haoni dereva, anaona mzigo wake ukiwa umekalia hapo. Siku ya kununua, muuzaji aliniapia kwamba hii ni pikipiki ya raha na ya kazi pia. Wiki tatu sasa. Kazi nimeiona: mtungi wa maji, mtungi wa gesi, chakula cha kuku. Raha bado iko njiani.

Jioni mchumba wangu Mwelu amepiga simu. Wazee wamekubaliana! Ntheo ni Jumamosi tarehe 13, kwao Birikani. Mbuzi watatu. Bila hao mbuzi, kwetu Wakamba, Mwelu si mke wangu hata tukae pamoja mpaka meno yang'oke. Nimefurahi nikaruka juu ya kitanda. Kisha akasema mamake ameuliza pikipiki yangu inabeba mitungi mingapi ya maji. Hakuuliza afya yangu. Mbuvi, tunayefanya kazi naye, ni jirani yao na humbebea minne kwa safari moja. Huyo mamake, Mama Syombua, humsifu Mbuvi kila tunapoonana. Mbuvi! Mtu anayeendesha pikipiki akiwa amevaa gambuti, na mvua hatujaiona tangu Mei.

Jumanne, Septemba 2

Nimemaliza kazi. Fundi Makau hapa Sofia ameng'oa keria, ameng'oa bampa, ameshusha usukani na kuinua kiti kwa nyuma. Pia amebadilisha sproketi, lile gurudumu la meno linalovuta mnyororo, ili niongeze kasi, na mnyororo akaukata kidogo ukaenea. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia fundi mzuri haulizi. Akauliza mara ya tatu. Keria nimemwachia, ni chuma tu.

Nimesimama barabarani nikaitazama kwa muda mrefu. Hakuna mama wa kabeji atakayethubutu.

Jumatano, Septemba 3

Sijui niandikeje. Ile kona ya mashamba ya mkonge! Siku zote huipita kama mtu anayekwenda kulipa ushuru. Leo nimeilalia. Lami safi, milima ya Taita mbele yangu, upepo umeingia mpaka kwenye mikono ya shati. Nilipiga kelele ndani ya helmeti. Nikageuza nikairudia. Nikairudia tena. Miaka minane nimesafiri barabara hii na sikuwahi kujua kwamba kwenda kazini kunaweza kumfanya mtu acheke peke yake.

Nilichelewa dakika arobaini. Pia, kwa kuwa hakuna keria, chakula cha mchana nilikibeba kifuani ndani ya koti. Mfuniko ulifunguka kwenye ile kona, mara ya pili nadhani. Bi Tryphena, mwenye duka, aliniuliza kwa nini nanuka githeri. Nikasema ni manukato mapya. Mbuvi alinitoa punje ya maharagwe kwenye kola bila kusema kitu, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

Ijumaa, Septemba 5

Nilikuwa nampeleka Mwelu stesheni kumpokea shangazi yake mmoja. Niliamini akiionja raha ataelewa. Lakini kiti kimeinuka nyuma, kwa hiyo kila nikishika breki anateleza na kunibandika kwenye tangi. Helmeti zetu ziligongana kutoka Birikani mpaka barabara kuu. Nilihesabu mara ishirini na sita. Akaomba kushuka. Akachukua bodaboda. Yule kijana alifunga mkoba wake kwenye keria kwa heshima zote.

Baadaye kwenye simu amesema ananipenda, ila hakukubali kuolewa na panzi. Nimeamua kusikia sehemu ya kwanza tu.

Jumapili, Septemba 7

Siku mbaya. Tulipotoka kanisani Mama Syombua aliizunguka pikipiki yangu polepole, akiwa ameshika pindo la leso yake kiunoni, kama anayekagua ng'ombe mgonjwa. Akauliza keria iko wapi.

Ningeweza kusema ukweli. Mdomo wangu ukasema keria inaimarishwa. Akauliza inaimarishwa kwa nini. Mdomo ukasema ni kwa ajili ya kumbeba mbuzi wa tatu wa ntheo, beberu, kutoka Mwatate, mimi mwenyewe. Mama Syombua akatabasamu! Hajawahi kunitabasamia tangu tujuane. Akawaita akina mama wengine waje wasikie. Wakapiga vigelegele pale pale langoni.

Mjomba Musyimi, ambaye ndiye msemaji wetu, amefurahi pia nilipompigia. Atatoka Kibwezi na wazee kwa pikapu, na pikapu imejaa: mbuzi wawili, kreti za soda na wazee wenye miguu mirefu. Amenikumbusha jambo moja. Mbuzi huingia langoni watatu kwa pamoja. Wakiingia wawili, tutakuwa tumewatembelea tu.

Jumatatu, Septemba 8

Nimekwenda kwa Makau kuchukua keria. Haipo! Ameiuza. Nikauliza kwa nani. Akakuna kichwa kwa bisibisi. Kwa Mbuvi. Mbuvi ameifunga mbele, juu ya taa, kwa hiyo sasa ana keria mbili, moja ya nyuma na moja yangu. Nimeiona leo dukani ikiwa imebeba trei za mayai.

Mwelu ananiambia nimwombe tu. Mbuvi ni mtu mzuri, atanipa. Ndiyo maana siwezi kumwomba. Afadhali nimbebe beberu kwa meno.

Alhamisi, Septemba 11

Beberu amepatikana. Nimemnunua kwa mzee mmoja wa Ronge. Mkubwa, mweusi, ndevu ndefu, harufu yake hufika kabla yake. Amefungwa nyuma ya duka na ameshakula kalenda ya Bi Tryphena kutoka Septemba mpaka Desemba.

Mpango wangu ni huu. Beberu anaingia kwenye gunia, kichwa nje, kisha nambeba mgongoni kwa leso mbili, kama mtoto. Mikono iko huru. Pikipiki haiguswi. Nimeshangaa hakuna mtu aliyewahi kufikiria hivi.

Nimefanya mazoezi kwa gunia la chakula cha kuku. Nilizunguka uwanja mara tatu vizuri kabisa, kisha nikaanguka pikipiki ikiwa imesimama. Mbuvi alikuwa mlangoni anakula mandazi. Akauliza mtoto ana miezi mingapi. Baadaye akaniambia, taratibu, kwamba Jumamosi anatoka kazini saa nne na anaelekea Birikani. Nikamshukuru na kumwambia njia yake na yangu hazikutani.

Jumamosi, Septemba 13

Naandika nikiwa na miiba ya mkonge mahali ambapo sitapataja.

Niliondoka Mwatate saa tatu na nusu. Suti. Beberu mgongoni. Mwanzo ulikuwa mzuri sana. Kwenye kizuizi polisi alinisimamisha, akatuzunguka, akauliza mbona abiria hana helmeti. Kisha alicheka mpaka akashika nguzo, akatupungia tupite. Beberu alikuwa akitafuna kola ya suti yangu, lakini kimya kimya.

Halafu ikaja ile kona.

Ningeipita polepole. Nilikusudia kuipita polepole. Naapa! Lakini lami ilikuwa tupu. Nikailalia. Beberu hakulala nami. Alijinyoosha upande wa pili kwa nguvu zake zote, leso ikafunguka, tukaingia kwenye mtaro watatu: mimi, yeye na pikipiki. Nilipoinuka alikuwa ameshatoka kwenye gunia anakimbia katikati ya mkonge. Nilimfukuza karibu nusu saa. Kila nikimkaribia ananingoja kidogo, kisha anaondoka. Nikakaa chini. Nilimfikiria Mwelu akiwa amevaa tayari, na wazee wamesimama nje ya lango na mbuzi wawili. Nililia. Naandika hili kwa sababu hakuna atakayesoma.

Nikasikia pikipiki. Mbuvi, na gambuti zake. Alitoa konzi ya pumba mfukoni (nani hutembea na pumba mfukoni?), akaita mara mbili, beberu akaja kama aliyeitwa chai. Akamkalisha kwenye keria ya mbele, akamfunga. Beberu akatulia, anatazama barabara. Ile ni keria YANGU.

Mbuvi akasema tuongozane. Hapo ndipo nilipopata wazo. Nikamwambia atangulie, wazee wanangoja, nitampita kabla hajafika Voi. Pikipiki yangu ni ya kasi. Akauliza kama nina hakika.

Mnyororo uliruka Ikanga. Nikaurudisha kwa mikono. Ukaruka tena mwanzo wa mji. Nilifika Birikani naisukuma.

Shangazi zake Mwelu wametoka Mtito Andei na hawajawahi kuniona. Walichoona ni kijana mtulivu akifika na beberu mbele, wazee wa upande wa mume wakishangilia, mbuzi watatu wakiingia pamoja. Wakampokea kama bwana harusi! Nilimkuta Mbuvi kwenye kiti changu, leso mpya mabegani, sahani ya kwanza ya pilau mapajani, akijaribu kueleza na kila akifungua mdomo anaongezewa nyama. Mama Syombua alijua. Alikuwa ameketi mbele yake. Alinyamaza tu na kumkaribisha soda.

Nikasema mimi ndiye Kaloki, bwana harusi mwenyewe. Shangazi mmoja akanitazama, matope, mafuta ya mnyororo, suti isiyo na kola, akaniambia mafundi wanaingilia mlango wa nyuma.

Mwelu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainuka, akaja akanishika mkono mbele ya watu wote, mafuta na yote. Nitaukumbuka mkono huo nikisahau mengine yote. Wazee wakaenda pembeni kushauriana. Mjomba Musyimi alisema mbuzi ni wetu, aliyewaleta ni gari tu. Upande wa pili wakasema gari hilo wanalipenda. Mwishowe Mama Syombua akatoa hukumu. Mbuzi wamekubaliwa. Lakini mkwe ataleta maji, mitungi minane kutoka kioskini, kwa pikipiki yake mwenyewe, kabla ya kuonja chakula.

Fundi Makau, aliyealikwa, alikaza mnyororo. Hakuniuliza kitu. Bila keria ni mtungi mmoja tu kwa safari, umekaa kwenye tangi, nimeubana kwa magoti. Safari nane. Kila nikirudi shangazi wanahesabu kwa sauti na kupiga makofi. Wa nane ulipofika vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Nikalishwa na Mama Syombua kwa mkono wake. Mwelu ni mke wangu!

Jumapili, Septemba 14

Nimeamka nimeumia kila mahali, na nina furaha isiyo na mfano. Asubuhi Mbuvi amekuja na keria yangu, ameiosha, ameifunga utepe mwekundu. Zawadi ya ndoa. Tumekunywa chai. Ni mtu mzuri, nimekubali, ingawa alivaa gambuti ndani ya nyumba yangu. Mwelu ameniangalia na kusema leo leo nikaifunge. Nikasema bila shaka.

Nikaenda moja kwa moja kwa Makau. Njiani nilikuwa nawaza kuhusu jana. Mitungi minane, saa moja na dakika kumi, na kuna kona mbili nzuri sana kutoka kioskini mpaka kwa Mama Syombua. Kama si uzito wa madigadi ya mbele, ningemaliza kwa saa moja kamili. Nimemweleza Makau hesabu hiyo. Ameng'oa madigadi. Kuna pia ekzosi fupi yenye mlio safi, akakubali kubadilishana nami kwa chuma nilichokuwa nacho mkononi. Utepe ameniachia.

Mama Syombua amepiga simu sasa hivi. Jumapili ijayo anataka nimpeleke kanisani, yeye na sufuria mbili za chakula cha wageni. Ameuliza kama keria imeshafungwa.

Nimemwambia inaimarishwa.