Samaki Kumi na Wawili kwenye Pipa la Muhogo

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ushindi! Papa Albert, mwenye nyumba mpya ya wageni hapa Baraka, anataka akwariumu pale mapokezi. Samaki wa rangi wameshavuliwa kwenye mawe ya Lweba, kumi na wawili. Kioo ndicho hakijafika: lori limeharibika upande wa Mboko, litaingia Jumamosi. Akauliza nani atawaweka samaki wazima mpaka siku hiyo. Eddy, mpinzani wangu wa mtaani, akainua mkono. Mimi nikainua yote miwili. Nikasema nilisomea samaki Bukavu. (Bukavu nilikwenda kung'oa jino.) Nikapewa mimi! Eddy amenuna vibaya sana.

Wakifika Jumamosi wote kumi na wawili, Papa Albert ananifanya shefu, mkuu wa akwariumu, na kofia ya kazi juu. Halafu Mama Pulchérie, mama wa Nadège wangu, ataacha kusema hapokei wazee wangu wa posa kwa sababu kazi yangu ni kutembea. Harusi yangu inaogelea kwenye beseni.

Jumanne, 9 Julai

Beseni dogo. Samaki mmoja aliruka, akaangukia sahani yangu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilimwosha. Dada yangu Rosette akasema hilo beseni ni la kuogeshea mtoto wake, niwatoe.

Bon. Mama Pulchérie ana pipa la kulowekea muhogo nyuma ya jikoni. Mwenyewe yuko Swima kwenye matanga mpaka Ijumaa. Muhogo ulikuwa na siku mbili tu majini. Nikautoa, nikauanika kwenye mkeka. Maji kidogo nikayaacha chini, samaki wasishtuke na baridi.

Jioni wote wako juu, midomo wazi, wananitazama. Wameshanizoea!

Jumatano, 10 Julai

Wawili wamegeuza tumbo juu. Nadège akaja, akanusa pipa, akashika kichwa. Akaniuliza kama mi niko na akili, hata batoto badogo banajua maji ya muhogo inauaga samaki. Nikajibu kwamba Bukavu hawakutufundisha hiyo. Akamwaga yote, akasugua pipa kwa mchanga, akabeba maji ya ziwa ndoo kwa ndoo, akiyamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Mimi nilisimamia. Kusimamia kunachosha!

Eddy alipita, akauliza kama samaki wameshalowa vizuri. Mjinga.

Alhamisi, 11 Julai

Kumi wazima. Nadège amebadilisha nusu ya maji. Jike moja la manjano halili kitu, mashavu yamevimba. Lina jino! Ugonjwa huo naujua. Nilitaka kulifungua kinywa nilitilie ugali kidogo wa fufu, Nadège akanipiga mkono, akacheka mpaka akakaa chini. Amekataa kusema anacheka nini. Mwanamke hana huruma.

Ijumaa, 12 Julai

Bado wawili wanakosekana. Nimepata dawa: ngege wawili wadogo kutoka ufukweni, wa kijivu, watulivu. Kesho nitawapaka bluu ya kufulia. Leo nimejaribu kwa mmoja. Mzuri kuliko wale wenyewe!

Mama Pulchérie amerudi. Ameukuta muhogo wake mgumu, umeota ukungu, kuku wako juu yake. Nimejificha kwa Rosette, na samaki kwenye ndoo.

Jumamosi, 13 Julai

Kioo kimefika. Pasta yuko, kwaya iko, Eddy yuko. Nikamimina. Papa Albert akahesabu: kumi na wawili! Vigelegele! Nikamtazama Eddy vizuri.

Maji yakaanza kuwa bluu. Yakazidi. Ngege wakabaki ngege. Nilitamani kuingia mle ndani mwenyewe.

Hapo jike la jino likafungua kinywa, vikatoka vitoto. Kumbe lilikuwa limebeba watoto mdomoni, na Nadège alijua tangu Alhamisi! Akavichota kwa kikombe, kimoja kimoja, akavitia kwenye maji safi. Kumi na tisa. Papa Albert, karibu alie, akauliza ni nani aliyewatunza hawa. Nikainua mikono yote miwili. Ilikuwa bluu mpaka kwenye viwiko.

Kofia amevaa Nadège. Inampendeza. Imeniuma.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada nilikwenda kuomba msamaha. Mama Pulchérie alinisikiliza mpaka mwisho, ajabu! Akasema mambo ya kazi tuyaache kwanza. Atapokea wazee wangu siku nitakayomletea unga wa muhogo nilioloweka mwenyewe, pipa lile lile, siku nne kamili bila kuugusa. Nadège akanibinya mkono. Nimeapa. Nimeloweka leo leo. Nina furaha mpaka sisikii njaa.

Jumanne, 16 Julai

Papa Albert ameleta mtoto wa mamba, wageni wampige picha. Uzio wake utakuwa tayari Jumamosi. Akauliza nani atamtunza mpaka hapo. Eddy hakuinua mkono, mwoga huyo! Mimi nimeinua yote miwili. Nilisomea mamba Bukavu.

Mama Pulchérie amekwenda tena Swima, mpaka Ijumaa. Muhogo nimeuanika kwenye mkeka. Siku mbili zinatosha.