Faili Safi la Profesa

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo saluni nimekitangazia kila kichwa kilichokaa kwenye kiti changu: binti yangu anahamia darasa la juu la Kiingereza. Bado hajahamia. Hayo ni mambo ya utaratibu tu, Ijumaa watatangaza. Yeye mwenyewe hana raha kwa kungoja. Darasa la juu ndilo linaloandika gazeti la ukutani la shule, naye analililia tangu mwaka jana. Miaka kumi na miwili tu! Namwita Profesa. Mimi niliishia darasa la saba, lakini akili ile imetoka kwangu. Baba yake anajua.

Mama Pacha, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa anasukwa. Akadakia kwamba pacha wake mmoja naye anahamia. Nikampa hongera. Nikakaza msuko. Bahati mbaya tu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Profesa kaja na faili lake la insha. Alipange, Alhamisi alirudishe, mwalimu alipime. Nikalifungua nijifurahishe. Mungu wangu! Wino mwekundu kila mahali, kama kuku kachinjiwa humo. Insha ya paka kaiandika mara tatu, kakata, kaongeza, kakata tena. Nikamuuliza uchafu huu anautunzia nini. Akasema ndivyo mwalimu anavyotaka: ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikae.

Nikamwambia sawa mwanangu, kaoge. Mtoto hajui dunia. Mgeni unamkaribisha sebuleni, humpeleki stoo!

Jumatano, tarehe 5 Juni

Profesa kaenda shule, faili kaliacha. Nikamwita kaka yangu, karani mstaafu. Kiingereza chake kimepita ofisi tatu na hakijawahi kurudishwa. Alisoma habari za paka, akatikisa kichwa, akasema barua hii haina hata kumbukumbu namba.

Akaandika upya yote: paka, safari ya kwa bibi, siku ya mvua. Nakala tatu tatu, neno kwa neno, kama alivyozoea kazini. Mwalimu si anataka tatu? Zile chafu nimewashia jiko. Faili nimelifunga kwa utepe wa saluni, nikamwambia Profesa asilifungue, nimeshampangia. Akanikumbatia. Ana adabu huyu!

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimeitwa shule. Nikavaa gauni la sherehe, nikijua ni pongezi.

Mwalimu wa Kiingereza ni mpole, ndiyo ubaya wake. Aliuliza kama binti yangu ana kawaida ya kumalizia habari za paka kwa kusema yuko tayari kuitwa kwenye usaili wakati wowote. Nikasema ana nidhamu. Akanieleza polepole, kama analisha mgonjwa. Hapimi unadhifu. Anatazama insha ilianza vipi na imefika wapi, alama ziko hapo katikati. Humu ya kwanza na ya tatu ni moja. Kwa faili hili mtoto hajasogea hata hatua, hawezi kuhamishwa.

Profesa alikuwa mlangoni. Hakulia. Aliniangalia tu. Heri angelia.

Mwalimu akampa nafasi moja: kesho aandike mbele yake, mara tatu, mada ajichagulie. Nikajitolea kukaa naye. Nikakataliwa kabla sijamaliza kusema.

Wakati wa chakula Profesa alimwomba baba yake aniambie nimsogezee chumvi. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kapita! Kapita, jamani!

Kaandika juu ya mama aliyesafisha faili. Mwalimu akanionyesha na kunieleza. Ya kwanza ni hasira tupu na makosa chungu nzima. Ya pili hasira imepoa. Ya tatu ilimchekesha mwalimu mpaka akavua miwani. Njiani nikambembeleza Profesa anitafsirie mwisho wake. Akasema: mama yule aliona makosa ya mwanawe kama madoa kwenye gauni lake mwenyewe.

Nikamwambia mama huyo anaonekana mtu wa maana. Akacheka, akanishika mkono.

Insha itabandikwa kwenye gazeti la ukutani. Na mada nani kampa? Saluni nzima inajua sasa. Pacha naye kapita. Haya.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kesho anaanza faili jipya. Nimekaa nikatafakari, maana mimi nikielezwa naelewa. Insha ya kwanza inatakiwa iwe mbovu. Tatizo Profesa siku hizi anaandika vizuri tangu mwanzo. Atapanda kwenda wapi?

Nimempigia kaka yangu. Aje na kalamu, na safari hii asijizuie, akosee. Akajibu kwamba katika utumishi wake wote hajawahi kukosea, lakini kwa ajili ya mpwa wake atajitahidi.