Chewa wa Kibokoni na Bahari ya Barafu

Jumatatu, 3 Machi 1947

Joto kali. Leo bandarini Kilindini, kwenye kazi yangu ya ukarani wa mizigo, baharia wa Kinorwe amenionyesha samaki ndani ya chupa ya spiriti. Zamani aliwinda nyangumi kusini kabisa mwa dunia, kwenye bahari ya barafu. Samaki hana magamba, mdomo kama wa mamba, mashavu ya kupumulia meupe kama tui. Nikamwambia ameoza. Akasema la, hata akiwa hai yuko hivyo. Ukimkata, damu hutoka kama maji. Na bahari yake ni baridi kuliko barafu hii tunayotia kwenye sharubati, ila chumvi inaizuia isigande. Nikauliza kwa nini samaki mwenyewe hagandi. Akasema yeye hajui, wala hajakutana na ajuaye.

Subhanallah. Nimefika nyumbani Kibokoni bila kofia. Sijui nimeiacha wapi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesimulia barazani. Muhdhar, muuza samaki, akasema samaki wa mashavu meupe ni wa kutupiwa paka. Watu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikasema samaki yeyote huzoea baridi akizoezwa polepole, na Ijumaa baada ya sala nitawaonyesha chewa mzima akiogelea kwenye barafu. Nikishindwa, Muhdhar achukue nafasi yangu barazani, ile ya kivulini, aliyokaa marehemu baba.

Amekubali upesi mno.

Jumatano, 5 Machi

Chewa amepatikana, mzima, mnene, mwenye uso wa hakimu. Nimemtia kwenye pipa la Mwanakuu, mke wangu, nikalijaza maji ya bahari. Mwanakuu akauliza, "Baba Tumu, na nguo nitafulia wapi?" Nikamwambia hili ni jambo la elimu.

Rafiki yangu Kenga, wa kiwanda cha barafu Shimanzi, ameleta vipande kwenye gunia la maranda, visiyeyuke. Nikatia kidogo asubuhi, zaidi alasiri. Kenga alimtazama chewa kwa huruma. "Bwana, huyu ni wa Mombasa kama sisi. Baridi ataijulia wapi?"

Kenga hana subira.

Alhamisi, 6 Machi

Barafu zaidi. Chewa ametulia sana. Nikamwambia Mwanakuu anatafakari. Mwanakuu akasema anakufa.

Nikatia mkono ndani ya pipa nipate kujua anachokipata. Nikauchomoa kabla sijamaliza kusoma Alhamdu, mifupa inauma, vidole si vyangu. Nikakaa chini uani. Yuko kiumbe anayezaliwa ndani ya baridi kushinda hii, akatafuta mke humo, akazeeka humo, na damu yake haina rangi, na moyo unapiga. Mola hakumsahau hata huko kusikofika jua miezi kadhaa. Machozi yakanitoka. Mwanakuu alidhani ni mkono.

Ningemrudisha chewa baharini pale pale. Lakini Muhdhar alikuwa amekwishawaalika hata watu wa Majengo.

Ijumaa, 7 Machi

Uani pamejaa. Chewa amelala ubavu. Nikasema amesinzia. Muhdhar akamtoa, akafunua mashavu: mekundu kama komamanga. Nilitarajia acheke. Akamtazama kitambo, akasema kwa sauti ya chini, "Maskini. Alikuwa samaki mzuri." Kisha akatoka, akakaa nafasi yangu.

Mwanakuu amempika kwa nazi. Wote wamesifu. Mimi nimekula wali mtupu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kumuaga yule baharia, nikamuuliza nilikosea wapi. Akasema siri ya kutoganda bado haijui, ila hakuna samaki aliyezoezwa. Bahari ile ilipoa polepole, kwa miaka isiyohesabika. Waliozaliwa wanaiweza baridi kidogo kuliko wenzao wakaishi wakazaa, wengine wakafa. Watoto wao vivyo hivyo, kizazi juu ya kizazi, mpaka wekundu wenyewe ukatoka kwenye damu.

Nikakaa juu ya gunia la kahawa. Bahari nzima imefanya kazi muda wote huo, hakuna aliyeiona.

Njiani kurudi nimelielewa kosa langu. Nilianza na chewa mmoja. Mmoja atazaa na nani? Nimeagiza wawili, dume na jike, na Kenga ataleta barafu Jumatatu. Mwanakuu ameuliza ni nani atakayekuwa hai kuona mwisho wake.

Nimemwambia safari hii tutatia barafu kidogo tu. Tusiwaharakishe.