Fomu ya Soksi

Umma unatangaziwa kwa furaha kwamba hewa ya ndani ya ndege zetu ni safi. Imekuwa safi tangu tarehe mosi Machi, mwaka juzi, siku Idara ya Heshima ya Hewa, ghorofa ya tano, mtaa wa Abbasiya, ilipotoa Waraka Namba Saba. Kabla ya hapo hali ilikuwa na utata kidogo. Tangu siku hiyo hatujapata tatizo hata moja la hewa. Tumepata matatizo mia tatu na kumi na mawili ya soksi.

Mimi ni Wagdi Abdelshafi, Msaidizi wa Pili wa Mkurugenzi Mkuu, na waraka ule niliuchapa kwa vidole vyangu hivi. Hewa wanayovuta abiria hutolewa kwenye injini, na wapo watu wenye roho mbaya wanaodai kwamba mafuta ya injini yakivuja, mvuke wake huingia humohumo, ukanuka kama soksi zilizolowa. Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Rifaat Darwish, alilitazama jambo hili kwa jicho la uongozi. "Kama kinanuka soksi," alisema, "basi ni soksi." Tukapiga makofi.

Ndipo ikazaliwa Fomu ya Soksi: jina la mwenye soksi, namba ya kiti, rangi, sahihi. Mlango wa ndege haufunguliwi mpaka fomu ijazwe, ili mhusika asitoroke. Mwenye soksi asipopatikana, husaini mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliomo, kwa niaba ya soksi. Jina lake hubandikwa uwanja wa ndege siku thelathini, naye hapandi ndege mwaka mzima. Kipengele hicho kiliwalenga marubani, maana ndio waliokuwa wakilalamika. Wawili walipokaa nyumbani mwaka mzima, pua za waliobaki zilipona.

Chini kabisa ya fomu palibaki nafasi, na karatasi tupu huniudhi. Nikachora kisanduku kidogo, nikaandika pembeni: "Si soksi (eleza)." Kilikuwa pambo tu. Hakuna aliyewahi kukitumia.

Wiki mbili kabla ya Shamm en-Nasim, sikukuu yetu ya kunusa upepo, alikuja ofisini mwanamke mmoja mwembamba anayeitwa Inas Ghattas. Alitaka kibali cha kuonyesha filamu, kwa kuwa filamu yoyote yenye ndege ndani yake lazima ipite kwetu. Nikasoma jina la filamu: *Kunusa Upepo*. Moyo ulinichangamka. Niliona mayai ya rangi, vitunguu vya majani, familia zimejazana kando ya Nile zikila fisikhi, yule samaki wetu aliyevundishwa kwenye chumvi. Nikagonga muhuri: HAINA PINGAMIZI.

"Hutaitazama kwanza, Ustadhi?" aliuliza.

"Ya nini, dada? Fisikhi nala tangu sijaota meno."

Alinitazama kidogo, akaipokea karatasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ni baridi, nikamwambia Ami Bayumi, mtu wetu wa chai, ampatie gilasi moja ya moto.

Siku nne baadaye Mheshimiwa aliliona bango la filamu mjini. Lilikuwa na mhudumu wa ndege aliyeziba pua, na abiria nyuma yake wamelala vichwa upande. Aliniita.

"Wagdi, wewe ni mzima?"

"Alhamdulillahi, Mheshimiwa."

"Sikujulii hali, bwana! Nakuuliza akili! Fisikhi wako wapi kwenye bango hili?"

Nilitafuta, sikuwaona.

Bahati mbaya muhuri wetu haufutiki ila kwa kamati kuitazama filamu na kuthibitisha kuwa ni ya uongo. Mheshimiwa akatoa agizo ambalo mpaka leo nalisifu kwa ubunifu wake: kamati ya watu tisa itaitazama ndani ya ndege halisi, iliyoegeshwa, mlango umefungwa, injini ndogo ya mkiani ikiwaka ili tupate ubaridi, maana khamsini, ule upepo moto wa jangwani, ulikuwa umeanza kuvuma na vumbi lake. Tungekaa kwenye hewa safi tukitazama uongo kuhusu hewa chafu. Jumatano baada ya sikukuu, Mheshimiwa angesafiri kwenda Geneva kupokea nishani ya hewa safi. Kila kitu kilikuwa kimepangika vizuri.

Inas aliitwa ashuhudie filamu yake ikizikwa. Tulipokuwa tunasubiri wakubwa wakae, nilimuuliza, kwa wema tu, kwa nini asitengeneze ya mapenzi.

"Nilikuwa mhudumu wa ndege miaka kumi na moja, Ustadhi. Fomu yenu nimeijaza mara arobaini na moja. Ya arobaini na mbili, penye jina la mwenye soksi, nikaandika 'sumu', nikafukuzwa."

Nilikumbuka faili hilo. Kosa lilikuwa Matumizi Mabaya ya Nomino.

"Tuko kumi na tisa," aliendelea. "Mwenzangu mmoja hawezi tena kufunga vifungo vya shati la mwanawe. Jopo la madaktari linasema hatuumwi, kwa sababu waraka wenu unasema hewa ni safi. Nisipoionyesha hii filamu, tutakufa wazima kabisa kwenye makaratasi."

Nikamsifia ndege ya kwenye bango. Akaniambia ilijengwa na mafundi wa vitanda kule Dumyat, na viti ni vya mabasi madogo.

Taa zikazimwa. Filamu ilikwenda vibaya, yaani vizuri mno, na Mheshimiwa akawa anaguna. Dakika ya ishirini, mhudumu wa kwenye filamu alisimama katikati ya njia, akakunja uso, akasema: "Jamani, mnasikia harufu?"

"Naam," akajibu Mhandisi Tulba wa Kitengo cha Upepo, kutoka kiti cha tatu. "Naisikia."

Sote tuliisikia. Ilikuwa soksi iliyolowa, ikasahauliwa mfukoni tangu hija ya mwaka jana.

"Mashaallah!" Tulba alishangilia. "Sinema yenye harufu! Huko Ulaya hawajafika!"

"Filamu yangu haina harufu, mhandisi," Inas alisema kutoka nyuma. "Hata sauti nusu yake nilinasia bafuni kwa shangazi. Hiyo hewa ni yenu."

"Nani kaingia na fisikhi humu?" Mheshimiwa alinguruma, na macho yote yakamgeukia Ami Bayumi.

"Mimi? Wallahi nina birika na sukari tu. Halafu fisikhi hunukia, mabwana zangu. Hiki kinanuka."

Macho yalianza kutuchoma. Kichwa changu kiligonga kama mlango wa jirani. Tulba aliulizwa kitengo chake akawa hakikumbuki. Mheshimiwa alikohoa mpaka tarbushi ya heshima, kama angekuwa nayo, ingeanguka.

"Fungueni mlango!"

Hapo akatokea Bi Shahira, mkuu wa wahudumu wa ndege ile, mama mnyoofu kama rula, ameibeba fomu juu ya sinia. "Waraka Namba Saba, Mheshimiwa. Kwanza mwenye soksi."

"Mama, mimi ndiye niliyeutoa huo waraka!"

"Ndiyo maana naufuata, Mheshimiwa. Vueni viatu."

Tukavua. Wakurugenzi, wahandisi na mwanasheria, sote tuliinua miguu kama vitoto vinavyokaguliwa funza, na Bi Shahira akapita akinusa mguu mmoja baada ya mwingine kwa uadilifu mkubwa. Mheshimiwa alikataa, akabembelezwa, akavua. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kikachungulia kuona kuna nini. Bi Shahira akainama.

"Hazinuki," alitangaza.

Mheshimiwa akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Kwa hiyo mwenye soksi hajapatikana," Bi Shahira akaendelea, "na anasaini mwenye cheo."

"Asaini rubani!"

"Ndege imeegeshwa, Mheshimiwa. Haina rubani."

"Wagdi!"

"Mimi ni Msaidizi wa Pili tu, Mheshimiwa," nilisema. Cheo hicho kilikuwa kimeninyima usingizi miaka tisa, na dakika ile nilikipenda kuliko mke wangu.

Kijasho chembamba kilimtoka. Akisaini soksi, jina lake lingebandikwa uwanja wa ndege, na Geneva angeisikia redioni. Aliichungulia fomu juu na chini, macho yakimwaga machozi, mpaka kidole chake kikafika mwisho wa karatasi.

"Hiki ni nini?"

"Pambo, Mheshimiwa."

"Nipeni kalamu!"

Kalamu ilikuwa kwa Inas. Alimpa kwa mkono wa kulia, ule unaotetemeka, na mkono ulioipokea nao ulikuwa unatetemeka. Nadhani aliliona hilo, maana aliitazama mikono yote miwili. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: SI SOKSI ZANGU. NI HEWA YA INJINI. INAUMIZA KICHWA NA MACHO. Akasaini. Mimi nikagonga muhuri, kwa mazoea.

Mlango ukafunguliwa. Tukashuka bila viatu kwenye vumbi la khamsini, na sijapata kuona vumbi tamu kama lile.

"Nakala yangu?" Inas aliuliza pale chini ya ngazi.

Utaratibu ni kwamba nakala moja hupewa aliyeitaja harufu wa kwanza. Aliyeitaja wa kwanza alikuwa mhudumu wa kwenye filamu, ambaye ni wa kubuni. Mwanasheria wetu, akiwa amejiinamia kwenye gurudumu la ndege, alitoa rai kwamba nakala apokee aliyemtunga. Nikampa.

Jumatatu ya Shamm en-Nasim, filamu ilionyeshwa, maana kamati haikuweza tena kuiita ya uongo. Bango lilikuwa jipya: fomu yenyewe, imekuzwa kufikia ukubwa wa mlango, pamoja na sahihi na muhuri. Watu walitoka bustanini moja kwa moja na mifuko ya mayai. Kila harufu ilipotajwa kwenye filamu, mtu mmoja gizani aliuliza, "Soksi za nani?" na ukumbi mzima ukaitikia, "Si zangu!"

Kesho yake Mheshimiwa aliniita nimwandikie kanusho.

"Naweza, Mheshimiwa. Lakini fomu ina majibu mawili tu. Ukifuta 'si soksi', zinabaki soksi, na ni zako."

Alitazama viatu vyake kwa muda mrefu. "Waache waitazame," alisema.

Geneva alikwenda. Wanasema kwenye ndege ya kurudi palitokea kaharufu kidogo, na abiria wote wakageuka kumtazama yeye. Siku hizi husafiri kwa treni.

Jopo la madaktari nalo lilikwama. Kwenye nafasi ya chanzo cha ugonjwa haliwezi kuandika neno lisilotoka Idarani, na neno la mwisho kutoka Idarani lilikuwa lile lenye sahihi ya Mkurugenzi Mkuu. Faili kumi na tisa zikafunguliwa upya, na kila moja imeandikwa: *Si soksi. Ni hewa ya injini.* Ya kwanza ilikuwa ya Inas Ghattas. Ilipitia mezani kwangu. Nikaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, ndipo nikagonga muhuri.