Kigoda Kilichozama Mwezini

Jumatatu, 3 Machi
Nimeficha mambo mawili. La kwanza ni jepesi, naliandika leo: mimi ninayeitwa Mwalimu wa Kutua sijawahi kutua mwezini hata siku moja. Huanguka. Mara zote. La pili ni zito, acha lisubiri nipate ujasiri.

Atakayeisoma shajara hii nikiwa kaburini aelewe. Ipo programu ya kompyuta inayoiga safari za angani, na watu wanaoipenda hutengeneza vyombo vyao wenyewe na kuvigawa bure jukwaani, mtandaoni. Tunaviita nyongeza. Kinachobeba jina langu ni Kigoda, chombo cha miguu mitatu cha kutua mwezini. Kimepakuliwa na maelfu. Miaka kumi na moja nimekula sifa zake bila hata kunawa mikono.

Sasa programu imetoa toleo jipya. Kigoda kikiwekwa mwezini kinazama hadi shingoni. Na Msimamizi wa jukwaa anakusanya nyongeza bora za miaka yote, jina la fundi chini ya kila moja. Mwisho ni Jumapili. Kila mtu arekebishe cha kwake.

Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisipande hata ngazi tatu. Nataka jina langu libaki mahali. Mwezini panatosha.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu ya kwanza. Nimetangaza jukwaani kwamba Kigoda hakizami. Kinatulia kwenye vumbi laini, jambo la kisayansi nililolifikiria mapema. Nimetumia neno "msongamano" mara nne. Fahari tupu!

Fundi Saa akajibu kabla chai yangu haijapoa. Huyu ni mtengenezaji wa saa, tena ndiye mwenye Panzi, chombo kinachoshindana na changu. Akauliza kwa adabu zote: shikamoo Mwalimu, na hao abiria wanatokea wapi, darini? Watu thelathini wakacheka. Nimewahesabu.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua faili la Kigoda. Mara ya kwanza maishani. Namba, namba, namba. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, lakini namba zile zilinitazama kama wakwe siku ya posa.

Mke wangu alikuwa chumba hichohicho, anashona sare za shule. Akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia hii ni fizikia, mama. Akasema haya, akakanyaga cherehani.

Nimegundua! Toleo jipya linataka chombo kitaje mahali pa kila mguu, mmoja baada ya mwingine. Nimeiandika yote mitatu kwa utaratibu, kufuata mzunguko wa mishale ya saa, kama mtu aliyesoma. Nimepakia jukwaani bila kujaribu. Kujaribu ni kwa wasiojiamini.

Alhamisi, 6 Machi
Kumbe ilitakiwa kinyume cha mishale ya saa. Programu hutazama mzunguko wa miguu ili ijue juu ni wapi. Kigoda sasa kinaamini kwamba ardhi iko juu. Kikigusa mwezi tu, kinajipindua, miguu hewani.

Fundi Saa ameweka picha. Chini yake ameandika "Mende". Neno moja! Kisha akaongeza kwamba ameishi na mishale ya saa tangu ujana wake na haijawahi kumpindua mtu.

Moyo umedunda vibaya. Nimemeza vidonge, nikalala kwa hasira.

Ijumaa, 7 Machi
Mbinu ya tatu: kuumwa. Ugonjwa ninao, kwa nini nisiutumie? Nimefungua akaunti mpya, nikajifanya mwanangu, nikaandika kwamba baba yuko hoi, hawezi tena kugusa kompyuta, mwenye huruma amrekebishie Kigoda na jina libaki la baba.

Nilizidisha chumvi. Wakaelewa nimekufa.

Rambirambi arobaini na tatu! Nilikuwa marehemu kwa saa nne, na sijawahi kupendwa vile nikiwa hai. Ya Fundi Saa ilikuwa ndefu kuliko zote. Alisema alijifunza kutua kwa kusoma maelekezo yangu, na kwamba ubishi wetu ndio uliokuwa ukimwamsha na hamu ya siku. Nililia hadi miwani ikaloa. Kisha, mwishoni, akaandika kwamba Kigoda kilitoka mwaka mmoja baada ya Panzi. Uongo! Kigoda kilitangulia kwa miezi miwili! Nikamsahihisha palepale, kwa akaunti yangu mwenyewe.

Halafu Msimamizi akauliza huko nilikokwenda mtandao unashikaje.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejisalimisha kwa mke wangu. Alivaa miwani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akasoma faili dakika mbili, akacheka hadi akashika meza. Akasema, Mwalimu, umeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Akabadilisha mistari miwili, wa chini juu, wa juu chini. Kigoda kikasimama wima. Akarudi kwenye sketi aliyoiacha chini ya sindano.

Nilimwambia nilikuwa karibu kuliona hilo. Akasema naam, ulikuwa karibu tangu Jumatatu.

Kisha, bila kugeuka, akauliza huo mkusanyiko utaandika jina la nani. Nikasema la nyumba hii. Akauliza, nyumba inajua kushika mkasi? Nikakohoa. Ugonjwa una faida zake.

Jumapili, 9 Machi
Msimamizi ameandika. Kigoda kimekubaliwa. Anataka kitu kimoja tu, jina la fundi kama litakavyosomeka, kwa kuwa halitabadilishwa tena. Akaongeza kwamba wamenisamehe kifo changu.

Basi, lile la pili. Kuna mwaka mke wangu alivunjika mguu, hakuweza kukanyaga cherehani miezi sita. Akahamia kwenye kompyuta yangu. Alikikata Kigoda kwanza kwa magazeti, vipande ishirini na sita, akavifunga kwa pini kitandani, nikawa nalala kwenye kochi. Ndipo akavichora kimoja kimoja kwenye skrini. Alisoma vitabu vyangu vya fizikia, vile nilivyokuwa nikizuilia mlango. Alitua mwezini jaribio la tano. Mimi niliandika kurasa kumi na mbili za maelekezo, kama alivyonisomea yeye, nikaweka jina langu juu. Waliponipongeza, sikuona vyema kuwakatisha.

Leo nimeliandika jina lake. Herufi zote. Nikalitazama. Linapendeza, kusema kweli. Nikamwita aje aone, lakini alikuwa anampima mteja sebuleni, akasema nisubiri amalize kiuno. Nikasubiri dakika moja. Ya pili. Daktari alinikataza kusubiri. Au labda ilikuwa ngazi.

Nimeamua hivi: ukweli wote uko humu, atausoma nikishakwenda. Ni heshima kubwa kwake. Mbinu bora kuliko zote za wiki hii.

Jina lililokwenda kwa Msimamizi ni langu.