Siri Iliyomo Kwenye Chupa ya Générose

Jumatano, 3 Septemba 2025

Wanawake kumi na mmoja! Nimewahesabu kupitia dirisha la saluni yangu, hapa Makanyagio, Mpanda, huku namsuka mtu. Kumi na mmoja wameingia chumba cha Générose toka asubuhi, na wote wametoka wanapumua kama waliotua ndoo. Mimi nimepata vichwa viwili. Kimoja cha kufumua tu.

Huyu Générose kazaliwa Katumba, kule kwa watu waliotoka Burundi zamani. Ana miezi minne tu toka apange chumba mkabala na mimi. Kasomea kukanda mwili miaka mitatu, cheti kakitundika ukutani, na kazi yake kubwa ni kifua. Wanaonyonyesha ambao titi limeziba. Waliofanyiwa upasuaji wa titi, kovu linavuta. Hata wabeba magunia wa sokoni waliokaza kifua. Kuna mama wa Kasokola, alikatwa titi mwaka jana, akawa hawezi hata kujifunga kilemba. Leo kanipungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Mkono wa upande ule ule! Nimefurahi mpaka nikaudhika.

Mchana kaja mdogo wangu Agatha kutoka Magamba, kampakata Denis, mtoto wa wiki sita. Titi la kulia gumu kama kiazi kibichi. Mtoto anavuta, anaachia, analia. Mama mkwe wake, Mayu Suzana, yaani Mama Suzana kwa Kisukuma chao, kashatoa tamko: Jumapili ya tarehe 14 ikifika titi halijafunguka, mtoto anaanzishiwa maziwa ya ng'ombe. Na ng'ombe wanao, zizi zima, walikuja nao toka Shinyanga. Agatha analia kuliko mtoto. Anataka kunyonyesha mwanawe, basi. Hana ombi lingine duniani.

Akaniomba nimvushe barabara kwa Générose. Nikamuuliza ana dada au hana. Mkono uliosuka nusu ya Mpanda ushindwe na titi moja? Nimemwambia akae kwangu, nitamkanda mwenyewe. Likifunguka, nitamsimamisha mlangoni wale kumi na mmoja wamuone.

Alhamisi, 4 Septemba

Kila mtu anajua mtoto akibeulia kwenye titi, linaziba. Na dawa yake ni kulichana kwa kitana. Bibi yetu alifanya hivyo, na watu walipona, au walinyamaza. Na nani ana vitana kuliko mimi? Ninavyo kumi na vinne!

Nikachagua kile cha meno mapana. Nikamkalisha Agatha nyuma ya pazia, nikachana kuelekea chini, mara tatu. Mara ya nne alipiga ukelele mpaka mteja akachomoka kwenye draya. Titi halijafunguka. Sasa lina mistari.

Nimefikiri sana. Kosa siyo la kitana wala mkono wangu. Générose ana siri, ndiyo maana. Kesho naenda kupeleleza.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimejifanya mgonjwa. Niliingia nimeshika kifua, nakohoa kidogo, uso nimeukunja vizuri. Nilitegemea ataniambia nilale anikande, nione, nitoke. Wapi! Kwanza maswali. Nina presha? Moyo unaenda mbio? Homa? Nimewahi kupata uvimbe kwenye titi? Mara ya mwisho kujichunguza lini? Nikasema sijawahi. Hakunicheka. Alinionyesha namna ya kufanya, kwenye mwili wake mwenyewe, juu ya nguo, taratibu, mpaka nikashika. Jamani, nina miaka arobaini na nne, hakuna aliyewahi kunieleza.

Halafu akaosha mikono hadi viwiko. Akaniuliza ni wapi ningependa aguse na wapi asiguse. Akasema nikisema basi, ni basi, hata kama yuko katikati. Kila sehemu ambayo haikuwa ya kazi aliifunika kwa kanga. Mlango umefungwa, na mama mmoja mtu mzima, Prisila, kakaa nje ya pazia ili mteja asijione kaachwa peke yake na mgeni.

Akaweka vidole chini ya mfupa wa bega, pale kifua kinapoanzia. Weeh! Nilikuwa nimedanganya kwamba kifua kinauma. Kumbe kinauma kweli! Akaniambia ni kazi yangu hiyo: miaka ishirini nimeinama juu ya vichwa vya watu, mabega yamekuja mbele, nyama za kifua zimejikunja. Akaenda polepole kuelekea kwapani, kwa wepesi ule wa kufuta vumbi kwenye picha ya marehemu. Nikatoa machozi. Sijui yalitoka wapi. Kanisogezea kitambaa.

Halafu nikalala usingizi. Mpelelezi mzima! Nimekoroma, Prisila kathibitisha.

Nimetoka nimenyooka, nimekuwa mrefu. Namchukia kwa jinsi anavyoijua kazi. Lakini sikutoka mikono mitupu: pembeni ya kitanda kulikuwa na chupa kwenye bakuli la maji ya moto. Ndani kuna kitu cha rangi ya dhahabu. Nimekiona kwa jicho moja kabla halijafumba. Asali! Siri ni asali ya vuguvugu. Na mimi kaka yangu Machibya anafuga nyuki Ugalla. Générose umekwisha.

Jumatatu, 8 Septemba

Machibya kafika na dumu. Kauliza asali yote hii ya nini. Nimemwambia ni ya kitaalamu. Kasema siku ya kuitumia yeye hatakuwepo.

Agatha hakuamka vizuri. Anasikia baridi na jua lote hili. Anasema titi linawaka. Kaniomba tena tuvuke barabara. Nikamwambia maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Kesho ndiyo siku yenyewe.

Jumanne, 9 Septemba

Naandika kwa jicho moja. Jingine limefunga.

Saa tatu asubuhi niliweka sufuria ya asali kwenye jiko, mlangoni, ili harufu ivuke barabara na wale wanaosubiri kwa Générose waisikie. Nilitaka wavutike. Waliovutika wa kwanza walikuwa nyuki. Kiangazi hiki wana njaa kama sisi wengine. Mmoja. Watano. Halafu sikuhesabu tena.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshampaka Agatha asali kifua kizima, mkono umenata, kanga imenata, pazia limenata. Mteja wangu, mwalimu wa shule ya msingi, kasukwa nusu kichwa, kakimbia hivyo hivyo mpaka sokoni. Draya ilianguka. Denis alikuwa ndani ya chandarua chake, Mungu mkubwa. Midomo yangu ikapata miiba mitatu, kope mmoja.

Na nani kaingia? Générose! Kajifunika shuka, kabeba jingine limelowa maji. Wateja wake walikuwa wamejifungia ndani, yeye kavuka barabara. Kalifunika jiko. Kamfunga Agatha shuka lenye maji kichwa hadi miguu, kamtoa nje, karudi kumchukua Denis na chandarua chake. Karudi mara ya tatu kunichukua mimi. Nilikuwa chini ya sinki.

Kwake, alimsafisha Agatha asali yote, chuchu kwanza. Akanigeukia, akasema kwa upole kwamba mtoto mchanga hapewi asali, hata ya kulamba, inaweza kumuua. Nilikuwa sijui. Denis hakuwa amenyonya bado.

Nikamwambia basi amkande upesi. Alimpima joto, akakataa! Kasema titi jekundu, lina moto, na mtu ana homa: hapo hakuna mkono wa kukanda, hapo ni daktari. Nilidhani anajivuna. Kumbe kashavaa viatu. Kafunga chumba, watu wake wote kawaomba radhi, kapanda bajaji na Agatha hadi hospitali. Mimi nilifuata kwa bodaboda. Dereva aliuliza nani kanipiga.

Agatha kapewa dawa. Daktari kasema angechelewa siku mbili wangempasua. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Nimeandika hapa, sitaandika tena.

Alhamisi, 11 Septemba

Homa imeshuka. Midomo yangu bado. Siwezi kuongea, na wateja wanasema saluni imekuwa na utulivu mzuri.

Ijumaa, 12 Septemba

Daktari karuhusu mkono wa kukanda. Agatha kataka niwepo. Nimekaa kwenye kigoda, mikono nimeikalia, kwa amri ya Prisila.

Nimeona sasa kwa macho mawili. Générose hakukimbilia titi. Alianza mbali: shingo, bega, kwapa, kama mtu anayesafisha mfereji kuanzia mwisho ili maji yapate pa kwenda. Kabla ya kila hatua anauliza. Naomba nihamie hapa? Unasikiaje? Nipunguze? Mara moja Agatha alisema ngoja. Mikono ikanyanyuka pale pale, hewani, ikasubiri. Nimesuka watu miaka ishirini wakisema ngoja, sijawahi kungoja. Mwisho akamfundisha Agatha ajikande mwenyewe, mkono juu ya mkono. Mkono mwepesi, vidole bapa, bila kubinya.

Akamweka Denis. Denis akavuta, akaachia. Agatha akafumba macho. Denis akavuta tena, na safari hii tukasikia anameza. Anameza! Gulu, gulu. Prisila kalia nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa na jicho bovu, siyo kulia.

Njiani Agatha kaniambia kitu. Kwamba toka ajifungue, kila mtu kamshika: wakunga, mama mkwe, majirani, mimi. Générose ndiye wa kwanza aliyemuuliza kama anaweza kumgusa. Nilimbebea mtoto.

Jumapili, 14 Septemba

Mayu Suzana kashuka na kibuyu cha maziwa ya ng'ombe, kajifunga kibwebwe. Kamkuta mjukuu kalala juu ya titi la kulia, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo. Kasimama. Kaguna. Kauliza nani kafanya kazi hii. Agatha kaonyesha ng'ambo ya barabara. Mayu kavuka mwenyewe, kampigia Générose magoti, mwanamke wa umri ule! Kibuyu kakiacha kule.

Nikavuka nami. Nilimshukuru Générose kwa moyo wote, haki ya Mungu. Halafu nikamuuliza kuhusu ile chupa. Kasema ni alizeti. Mafuta ya alizeti, ya dukani kwa Yunus! Yale yale ninayokaangia maandazi! Kasema siri haimo kwenye chupa, mtu hata na maji anakanda. Siri ni kusoma, kuosha mikono, kujua lini usiguse, na kuuliza kwanza. Kaniambia nije kila Ijumaa anyooshe kifua changu, na nikitaka kweli kujifunza, chuo alichosomea kinapokea fomu mpaka mwisho wa mwezi. Miaka mitatu. Nikamwambia nitafikiria.

Mwanamke wa dhahabu yule. Nasema hapa ambapo hasomi.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefikiria. Miaka mitatu ni ya watu wazito kuelewa. Mimi yote nimeshayaelewa jana: alizeti, sabuni, na kuuliza. Saa mbili nilikuwa kwa Yunus, nimetoka na madumu mawili. Kibao kimeshaandikwa: DORICE SALUNI, KUSUKA NA KUKANDA, TUNAULIZA KWANZA.

Mteja wa kwanza kaja kabla rangi haijakauka. Mayu Suzana! Kuna msiba kule kwao, kataka kusukwa kisha twende kilioni pamoja, na bega lake linamsumbua kidogo. Nikaosha mikono hadi viwiko. Nikapasha mafuta kwenye bakuli. Nikamlaza kwenye benchi, nikamfunika kanga kitaalamu. Halafu nikainama, kwa sauti ile ile ya Générose, nikamuuliza kama naruhusiwa kumgusa.

Kasema hapana.

Nilikuwa nimeshammwagia nusu bakuli begani. Kesho nitauliza kwa sauti kubwa zaidi.