Vita vya Kabuti na Akina García wa Kingstanding

Sogezeni viti karibu na makaa, enyi mlioshiba na enyi mnaojifanya mmeshiba. Wenye redio wazizime, wenye kikohozi wakohoe sasa wamalize. Maana itasimuliwa hapa habari ya vita vilivyopiganwa Birmingham katika majira ya baridi ya mwaka wa sabini na mbili, vita ambavyo wanahistoria wa Uingereza, kwa wivu wao unaojulikana, wamevinyamazia kabisa. Nawe uliyewapa wanadamu majina, wala hukuyafanya yatoshe kila mmoja awe na lake, utie nguvu ulimi unaosimulia.

Alikuwako shujaa, Alfayo Okoth, mwana wa Kisumu, mwanafunzi wa uuguzi, mrefu kama nguzo ya simu na mkaidi kama nguzo hiyohiyo, mpangaji wa chumba cha juu katika nyumba ya Kewal Singh huko Sparkbrook. Shujaa huyu alikuwa na hazina moja tu duniani, nayo ilikuwa kabuti la kijeshi. Baba yake alirudi nalo kutoka vita vya Burma, akalivaa miaka nenda miaka rudi katika joto la Kisumu ili majirani wasije wakasahau kwamba alipigana. Mzee alipofariki, mama alimkabidhi Alfayo kabuti lile siku ya kusafiri, akamwambia kwamba baba yake atamkinga na baridi. Picha ya baba hakuwa nayo. Alikuwa na kabuti.

Sasa ikawa Jumamosi moja Alfayo alikwenda Hodge Hill, kwenye harusi ya muuguzi mwenzake aitwaye Charity. Makoti ya wageni yalirundikwa juu ya meza moja mlangoni mwa ukumbi, kwa ile imani ya Waingereza kwamba kila mtu atatambua lake. Shujaa alicheza, akala, akacheza tena. Na alipokwenda kuchukua hazina yake alikuta mezani koti moja tu, jeusi, la mtu mfupi. Akalivaa. Mikono ikamwishia kwenye viwiko, vifungo vikakataa katakata kukutana, na ndani ya ukosi, kwenye kile kitambaa cha dobi wanachoshonewa wafanyakazi wa hospitali, palikuwa na jina moja: García.

Charity, akiwa bado ndani ya shela, alimweleza kwamba jina hilo ni la Wahispania wa jikoni hospitalini, na kwamba kila Jumapili hukusanyika kula katika nyumba fulani Kingstanding. Akamshauri aende huko amuulizie García. Kwa ushauri huo tunamsamehe. Alikuwa na mambo mengine siku ile.

Jumapili baada ya ibada shujaa akajifunga kibwebwe, na Kewal Singh akasema atamsindikiza. Huyu Kewal alikuwa fundi wa reli aliyehama Kisumu na mkewe na cherehani yake, mtu wa kilemba kilichonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Wakiwa kituoni wakingoja basi, alimuuliza Alfayo atampataje mtu wake. Alfayo akajibu kwa dharau ya kishujaa kwamba ataita jina, na mwenye jina ataitika.

Kewal akamtazama kwa huruma. "Bwana Alfayo, mimi ni Singh. Maana yake simba. Mtaa wetu una simba wengi kuliko mbuga zote za Kenya, na kila asubuhi wanapanga foleni ya basi. Mgeni akinitafuta, haulizi Singh. Anauliza yule Singh anayegombana na majirani juu ya mifereji."

Shujaa hakusikia. Mashujaa hawasikii, ndiyo sababu kuna masimulizi.

Basi likawapeleka hadi Kingstanding, mahali ambapo, kama jina linavyodai kwa Kiingereza, mfalme wa zamani aliwahi kusimama, wala hatushangai kwamba hakuketi. Wakapita nyumba za halmashauri zilizofanana kama matofali ya tanuri moja, mvua ikiwapiga usoni, mpaka harufu ya kitunguu saumu ikawaonyesha mlango. Alfayo akabisha. Akafungua Bi Remedios, mama mwenye nyumba, mwiko mkononi mfano wa rungu la amiri jeshi.

Akasimama shujaa mvuani, viganja vikining'inia mbali na mikono ya koti, akanena: "Mama, nimekuja kwa amani. Lakini marehemu baba yangu amebaki mikononi mwa mtu, na sitarudi Sparkbrook bila yeye. Naomba uniitie García."

Bi Remedios akageuka, akaita.

Wakatoka. Walitoka jikoni, walitoka sebuleni, walishuka ngazi wakisukumana. Mmoja alitoka chooni akifunga mkanda. Ukumbi ukajaa García hadi mlangoni, wote wakimtazama Alfayo kwa hamu, kila mmoja akiamini ndiye aliyeitwa. Alfayo akauliza kama wao ni ukoo mmoja. Wakakana kwa pamoja. Hawakuwa na undugu hata wa kuombana chumvi, isipokuwa wawili waliozaliwa tumbo moja, nao walikuwa hawasemezani.

"Kwetu," mzee mmoja mwenye masharubu akamfafanulia kwa Kiingereza cha jikoni, "ukirusha jiwe gizani, atakayelia 'ala!' ni García. Na aliyelirusha ni García."

Wakaingizwa ndani, koti jeusi likaanza kupitishwa ili kila García alivae. Huyu halimtoshi kifuani, yule limemkaba kwapani. Ndipo Kewal, kwa adabu tu, akauliza jina hilo tukufu lina maana gani. Adabu imewahi kuanzisha vita vingi, lakini vichache vya namna ile.

Mwenye masharubu alisema maana yake ni dubu, kwa lugha ya kale ya Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania, akajipiga kifua ili waone. Mwingine akamjibu kwamba dubu ni huyo mwenye masharubu pamoja na mama yake. Neno hilo la Wabaski maana yake ni kijana. Huyo alikuwa na upara uliokamilika. Wa tatu akapanda juu ya kiti akatangaza kwamba García lilikuwa jina la wafalme wa Navarra, na kwamba damu aliyo nayo si ya kuosha masufuria. Ndugu wawili wasiosemezana wakasemezana. Mikate ikaruka, bakuli la zeituni likaanguka, likafa kifo cha kishujaa, na wali wa Bi Remedios ukatetemeka katika sufuria yake pana.

Bi Remedios akapiga meza kwa mwiko, kukawa kimya. Akawaambia kwamba wafalme waliitwa García, ni kweli, na aliyewasafishia farasi naye alimwita mwanawe García ili afanane na mfalme, na jirani yake vilevile, hadi jina la mtu mmoja likawa jina la nchi nzima. "Dubu au kijana, hakuna anayejua. Ketini."

Wakaketi. Na katika kimya kile mlango wa nyuma ukafunguka, likaingia kabuti.

Alfayo hakuona mtu kwanza. Aliona mabega ya baba yake yakija na ndoo ya makaa, upindo ukiburuta sakafuni. Kisha juu ya ukosi kikachomoza kichwa kidogo chenye mvi: Celestino García, mwosha vyombo, ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa nje.

Celestino aliona koti lake jeusi, akaelewa. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba alijua tangu jana kabuti lile si lake. Lakini ndani yake mgongo haukumuuma, na wenzake walimpigia saluti. Akafungua vifungo kimoja kimoja. Alfayo alilipokea, akalivaa, likiwa bado na joto la mtu mwingine. Kisha akampigia Celestino saluti, ile ambayo baba yake alimfundisha uani.

Celestino akaipokea kwa dhati. Akauliza, "Na wewe? Jina lako lina maana gani?"

"Okoth. Aliyezaliwa mvua ikinyesha."

Yule mzee mdogo akaenda dirishani. Kingstanding yote ilikuwa chini ya mvua, kama jana, kama juzi, kama ilivyokuwa siku alipofika. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akawageukia wenzake kwa uso wa mtu anayesalimisha ngome.

"Basi mji huu mzima ni ukoo wake," akasema. "Sisi tumeshindwa."

Hakuna García aliyepinga. Ndivyo jina lililotawala Hispania kwa karne nyingi lilivyoangushwa na jina la Kisumu, alasiri moja ya Jumapili, kabla wali haujapoa. Kule barabarani raia wa Birmingham walikuwa wamejipanga wakingoja basi, wakilowa kwa subira, wala hakuna aliyekwenda kuwaambia kwamba wao sasa ni akina Okoth.